Njia ya Kondoo

Baba alifia Garbatulla, akazikwa hukohuko kabla jua halijazama, na sisi wa Isiolo tukapata habari kesho yake, lori lake liliporudi likiendeshwa na mtu mwingine. Nilikuwa naanika nguo uani. Niliona lori likiingia barabara yetu ya Bulla Pesa polepole, likikwepa mashimo moja moja, na nikajua kabla dereva hajashuka. Baba hakuwa mtu wa kukwepa mashimo akikaribia nyumbani.

Tumbo lilimshika wakitoka Sericho. Hivyo ndivyo walivyotuambia. Walimteremsha Garbatulla wakamlaza kwenye baraza ya duka, wakaanza kutafuta gari jepesi la kumkimbiza hospitali, na gari lilipopatikana hakukuwa na haja nalo tena. Dereva yule, rafiki yake wa miaka mingi, alinieleza haya akiwa ameshika kofia ya baba mkononi. Alipomaliza hakujua aiweke wapi. Akaitundika kwenye kamba ya nguo.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama alikufa nikiwa darasa la nne. Nyumba ilikuwa ya baba na mimi tu, na hata baba nilimwona kwa nadra, kwa sababu maisha yake yalikuwa barabarani. Babu yetu alikuja Isiolo na jeshi la Waingereza kutoka upande wa Berbera. Vita vilipokwisha akaachwa akae na mifugo yake, na wanawe wakawa watu wa maduka na malori. Baba alirithi kutoka kwake ile sauti ya kijeshi. Akiomba chumvi mezani, majirani walisikia.

Kulikuwa na mtoto mwingine. Kaka yangu alinizidi miaka mitano, na nilimwita aboowe, kama watoto wa Kisomali wanavyowaita kaka zao wakubwa. Tangu atoke shule alikuwa taniboi wa lori la baba. Alikaa juu ya mizigo, akashuka kuweka mawe nyuma ya magurudumu, akachimba mchanga lori lilipozama kwenye laga, mito yetu mikavu. Hakuwa mvivu. Lakini alikuwa mtu wa kimya, na lori lina kelele, na baba alikuwa na kelele kuliko lori. Safari moja walirudi kutoka Sericho wakiwa wamekwama njiani siku nyingi, midomo imepasuka, na kabla hata injini haijazimwa kaka alisema hataki tena kazi ile. Alisema kwa sauti ndogo tu. Baba alimjibu kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Hutaki lori langu? Basi shuka!"

Akashuka. Aliingia ndani, akachukua mfuko mdogo, akapita mbele yangu bila kuniangalia, akashika barabara ya kwenda mlimani. Baadaye tulisikia amepata kazi ya kuchunga kondoo kwenye shamba moja kubwa juu ya Timau. Kuanzia siku hiyo baba hakulitaja jina lake, na mimi nikajifunza kutolitaja mbele yake. Likawa jina la kutajwa nikiwa peke yangu jikoni.

Mlima Kenya unaonekana kutoka kwetu asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika. Kwetu sisi ulikuwa kama jirani tajiri ambaye humsalimii. Mvua zilikuwa zake, misitu ilikuwa yake, na sisi tulikuwa na jua. Mwalimu wetu wa shule ya msingi aliwahi kutuambia kwamba mlima ule zamani ulikuwa ukiwaka moto, na kwamba mawe meusi yenye matundu tuliyotumia kusugulia visigino yalitapikwa na milima kama huo. Tulicheka sana. Hatukuweza kufikiria moto mahali ambapo upepo wake ulitufanya tujifunike mashuka mwezi wa saba.

Siku za matanga zilipokwisha, wanawake waliokuwa wamejaa nyumbani wakabeba sufuria zao wakaenda. Adeer, ndugu mdogo wa baba, alikuwa ameshamtuma dereva wa malori ya ngano apeleke neno shambani: mwambieni kijana wetu baba yake amefariki, aje nyumbani. Tukangoja. Hakuja mtu. Adeer akasema labda ujumbe haukufika, au umefika na kijana hana moyo, na kwa vyovyote vile lazima maisha yaendelee. Alikuwa akizungumza na mimi huku akiangalia lori.

Nilikaa peke yangu ndani ya nyumba ile. Nilikuwa nimezoea baba kuwa mbali, kwa hiyo ukimya wenyewe haukuwa mgeni. Kilichonishinda ni kwamba ukimya huu haukuwa unangoja mtu. Zamani nilipofagia, nilifagia kwa sababu huenda angekuja leo. Sasa nilifagia na kuketi.

Nikamwambia adeer nataka kwenda Timau kumtafuta kaka. Hakupenda. Alisema msichana wa watu hatembei peke yake kwenye mashamba ya wageni akiulizia wanaume. Nikamwambia simuulizii mwanaume, namuulizia ndugu yangu, na wa pekee niliyebaki naye. Alinyamaza, na mimi nikachukua kunyamaza kwake kuwa ruhusa.

Nyuma ya nyumba yetu alipanga mama mmoja Mturukana, mtu wa kanisa, mjane wa askari. Aliposikia naenda juu, aliniletea koti zito la jeshi la mumewe, soksi na raba za mwanawe. Alisema huko kuna baridi ya kuua, nilivae hata kama linanuka. Lilinuka kweli, moshi na dawa ya nondo. Nililifunga pamoja na shali yangu, na asubuhi yule rafiki ya baba, ambaye sasa alikuwa akipeleka mzigo Nanyuki, akanipakia mbele. Tulipoanza kupanda, na miti ya miiba ikaanza kuachia nafasi majani mabichi, alisema tu kwamba baba alipenda kona ile kwa sababu injini ilikuwa inapoa hapo.

Timau ilikuwa saa chache tu kutoka nyumbani, lakini nilishuka kwenye nchi nyingine. Ngano hadi macho yanapochoka. Watu waliovaa sweta mchana. Nilitembea hadi kwenye laini, safu za nyumba za wafanyakazi wa lile shamba, nikampata nyapara, Mmeru mnene mwenye sauti ya upole, akaniuliza mimi ni nani wake.

"Ni kaka yangu," nikasema.

Akasema, "Amekaa hapa miaka mitatu. Hajawahi kusema ana dada."

Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kunieleza kwamba kaka hayupo pale chini, yuko boma la juu na kondoo, na kwamba kwenda huko ni kupita mashamba yote mpaka ua wa mwisho, kisha kuendelea kupanda. Alisema barabara halali ya mlima iko mbali upande wa magharibi, ina geti, na watalii hulipa hapo wakaandikishwa na kupewa mtu wa kuwaongoza. Hii ya kwao haikuwa na geti wala kibao. Kondoo ndio waliokuwa wameikanyaga mpaka ikawa njia. Kama ningekutana na askari wa msitu, niseme nimetumwa na shamba. Mkewe akanipa mahali pa kulala na chai yenye maziwa mengi, na hakuniuliza lolote, nikamshukuru kwa hilo kuliko kwa chai.

Asubuhi nilipanda na mchungaji aliyekuwa akipeleka posho boma la juu. Alikuwa Mturukana wa makamo, mrefu, na punda wake alibeba unga, chumvi na mafuta ya taa. Aliposikia natoka Isiolo alifurahi kidogo, akaniuliza kama mnada wa mifugo bado uko mahali pale pale. Kisha akauliza ninachoenda kumwambia mwenzake. Nikamwambia. Alitembea kimya hadi tukafika ua wa mwisho, akaufungua waya tukapita, akaufunga, na ndipo akasema: "Mwambie akiwa amekaa. Usimwambie akiwa amesimama."

Juu ya ule ua hapakuwa tena na shamba la mtu. Mwanzoni kulikuwa na miti mikubwa iliyopinda, yenye ndevu za kijivu zikining'inia, halafu miti ikaisha ghafla, pakabaki vichaka vyenye matawi membamba kama ya ufagio, halafu hata hivyo vikapungua, na mbele yetu ikawa nyasi. Lakini si nyasi nilizozijua mimi. Zilikuwa mafungu mafungu, kila fungu limefika magotini, na katikati yake matope meusi. Ukikanyaga juu ya fungu linainama, ukikanyaga katikati unazama. Njia ilikuwa mstari mwembamba wa kwato, na mara nyingine kinyesi kikubwa cha nyati, ambapo yule bwana alisimama, akasikiliza, kisha akaendelea.

Nilikuwa binti wa tambarare. Nilidhani kuchoka ni kwa miguu. Huko nilichoka kifua. Nilitembea kidogo nikasimama, kichwa kikigonga kama mtu anayepiga mlango kwa kiganja, na yule bwana alikuwa akinisubiri bila kugeuka, ili nisione haya. Mawe yalianza kujitokeza kwenye nyasi, meusi, yenye matundu, yaleyale ya visigino vyetu. Nikamkumbuka mwalimu.

Tulifika boma la juu alasiri. Lilikuwa ua wa mawe na kibanda kidogo chenye bati lililokandamizwa kwa mawe mengine. Kondoo walikuwa ndani, mvuke ukiwatoka mgongoni. Kaka hakuwepo.

Mchungaji mwingine, Mmeru aliyekuwa akilinda pale, alisema kaka ameondoka jana yake kwenda juu zaidi kutafuta kondoo waliopotea, na alilala huko kwenye pango analolijua. Nikauliza wamepotea wangapi. Akakuna kichwa. Alisema kwa macho yake yeye kondoo wote wako, lakini mwenzake alisisitiza kwamba wengine wamevuka mto, na huwezi kubishana na mtu ambaye haongei. Sikulipa neno hilo uzito. Nilikuwa nimechoka mno. Walinipa kibanda, wao wakalala nje na kondoo, na niliwasikia wakikohoa hadi usingizi uliponichukua.

Kulipopambazuka nje kulikuwa na weupe juu ya kila jani. Nilidhani ni majivu. Nikagusa, yakayeyuka. Mmeru alikuwa na kazi yake, na Mturukana alilazimika kurudi chini na punda, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kunisindikiza. Nadhani walidhani nitangoja hapo. Niliwaambia naenda. Mturukana akanionyesha, kwenye mwinuko ule mbele, kirundo cha mawe kilichopangwa moja juu ya jingine, na mbali zaidi kingine. Alisema kaka yangu alipenda kupanga mawe kila alikopita. "Fuata mawe yake. Mawe yakiisha, rudi."

Nikaenda. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, si kabla wala baadaye. Isiolo hata ukiwa huna mtu unasikia mbuzi, redio ya jirani, adhana, mtu anamwita mtu. Hapa nilisikia pumzi yangu na raba za mtoto wa watu zikifyonza matope. Kulikuwa na mimea mirefu kunizidi, imesimama kama nguzo zilizovikwa manyoya, imetawanyika mlimani kote, na kwa mbali kila mmoja ulionekana kama mtu aliyesimama akikutazama. Mara mbili nilimsalimia mmoja wao kabla sijagundua. Nilisema salaam aleikum, na sauti yangu ikanishtua.

Nilifika kwenye kirundo cha tatu au cha nne ukungu ukateremka. Haukuja kama wingu linavyokuja, ulikuwepo tu. Sikuona kirundo kilichofuata wala kile nilichokuwa nimekipita. Nilijaribu kwenda mbele, nikajikuta kwenye mteremko wa mawe yaliyokuwa yakiteleza chini ya miguu, nikasimama. Nikaketi. Nilivuta koti la askari hadi masikioni, na hapo ndipo nilipomlilia baba kwa mara ya kwanza. Kwenye matanga sikulia vizuri. Kulikuwa na wageni wa kuhudumiwa, na wanawake walikuwa wakinitazama kuona kama ninalia inavyopasa. Pale hapakuwa na mtu wa kutazama. Nililia kwa sauti ya baba, kubwa, isiyojali nani anasikia.

Halafu nikamwita kaka. Niliita jina lake, na ukungu ukalimeza. Nikaita tena: "Aboowe! Aboowe!" kama nilivyokuwa nikimwita utotoni alipokuwa ametangulia mtoni na mimi siwezi kumfikia.

Nikasikia kikohozi. Kilikuwa karibu sana, hata si mbali kama kutoka jikoni hadi langoni. Kaka yangu akatoka ndani ya ukungu akiwa amejifunga blanketi, ndevu zimemjaa, amekonda, na akasimama mbele yangu. Nilikumbuka maneno ya Mturukana. Nikamwambia akae.

Akakaa juu ya jiwe. Nikafungua mdomo, lakini yeye akatangulia.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Ujumbe wenu ulifika. Dereva wa ngano alinipata siku ileile."

Sikuelewa mara moja. Nilimuuliza vipi kuhusu kondoo waliopotea. Akatikisa kichwa. Hapakuwa na kondoo aliyepotea. Aliposikia habari aliomba apelekwe boma la juu, na boma la juu lilipokuwa na mtu mmoja wa kumuuliza ana nini, akalikimbia hilo pia. Alikuwa kwenye pango lake, akila unga wa kukaanga na maji ya mto, na aliposikia mtu analia kwenye ukungu alidhani kwanza ni yeye mwenyewe.

"Mbona hukuja nyumbani?" nikamuuliza.

Akaniita dada kwa Kisomali, kama zamani. "Ningekuja kufanya nini, abaayo? Mtu wa kunifokea hayupo."

Nilikuwa nimebeba habari ile kutoka Isiolo, nimeilinda kama yai ndani ya lori na mashambani na kwenye matope, nikifikiria kila hatua namna ya kuitoa, na kumbe ilikuwa imenitangulia. Nilihisi mikono yangu mitupu. Nilikasirika pia, sitaficha, lakini hasira inahitaji pumzi na mimi sikuwa nayo. Nikaketi kwenye jiwe lake, bega kwa bega, na hakusogea.

Ukungu ulipoanza kupasuka aliniuliza kama baba aliswaliwa na watu wengi. Nikamwambia sijui, mimi sikuwepo, wanawake hatukuwepo, lakini watu wa Garbatulla walimjua. Akasema basi sisi pia tumswalie. Tulishuka hadi kwenye kijito, ukingoni mwake maji yameganda kama kioo cha taa, tukatawadha, na vidole vyangu vikafa ganzi hata sikujua kama nimevikunja. Akaangalia jua lilipo, akageuka kaskazini, kwa sababu kwetu kibla ni kaskazini. Mimi nikasimama nyuma yake. Aliposema takbira ya kwanza sauti yake ilikuwa ileile ndogo, lakini mahali pale ilitosha. Ukungu ulikuwa umefunguka mbele yetu, na huko tulikoelekeza nyuso, chini kabisa, tambarare yote ilikuwa imelala, ya rangi ya ngozi ya simba, na nyumba yetu ikiwa mahali fulani ndani yake.

Nilidhani tutarudi chini. Badala yake alisema twende juu kidogo, kuna mahali anataka nipaone. Kichwa kilikuwa kinaniuma, lakini sikutaka kumwambia hapana. Tulipanda mgongo mmoja mrefu wa changarawe, yeye mbele, akichagua mahali pepesi kwa ajili yangu. Alikuwa akitembea kama mtu aliye nyumbani kwake. Juu ya mgongo ule upepo ulitupokea, na upande wa pili nikauona mlima wenyewe: vilele viwili vya jiwe jeusi, vimesimama karibu kama ndugu waliogombana, na theluji imekwama kwenye mikunjo yao. Kutoka Isiolo nilidhani ni kitu laini. Kilikuwa kitu cha meno.

Alinionyesha jiwe bapa ambalo alizoea kukalia. Alisema shambani kote hakuna Mwislamu mwingine, na siku za Ijumaa akiwa boma la juu hupanda hadi pale. Nikamuuliza kama huwa anaswali Ijumaa hapo. Akasema, "Ijumaa haiswaliwi na mtu mmoja. Nakaa tu mpaka wakati wake upite."

Nikamuuliza kama anaiona Isiolo. Alisema siku zisizo na vumbi huona kitu kinang'aa. Huenda ni mabati ya mji. Huenda ni jiwe. Hakutaka kujua kwa uhakika.

Tuliketi hadi baridi ikatushinda. Yale tuliyoongea hayakuwa mengi. Aliniuliza kama mahali alipokufa baba palikuwa na kivuli, na nilipomwambia ndiyo, alishusha pumzi. Aliniambia kwamba hakuchukia lori, kwamba alichokuwa akikitaka ni kusikia mawazo yake mwenyewe, na kwamba alipoyasikia hakuyapenda sana, lakini alikuwa ameshafika mbali. Alicheka kidogo aliposema hivyo. Ndiyo mara moja tu niliyomsikia akicheka siku hizo.

Tulishuka bomani, na kesho yake akanisindikiza njia yote, tukapita ua wa mwisho, tukapita ngano, hadi kwenye lami. Nilimwomba arudi nami. Nilimwambia nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Akasema atakuja. Aliposema hivyo alikuwa akiangalia barabara kuona kama kuna lori, na nikajua hatakuja, angalau si hivi karibuni. Nilipopanda alinipa mkono kama mtu anayeaga mgeni wa heshima, na lori lilipokunja kona nilimwona ameshageuka, anapanda.

Adeer alichukua lori. Mimi nilibaki na nyumba, nikaanza biashara ya maziwa ya ngamia. Nilipokea vibuyu na mitungi kutoka kwa akina mama wa Garbatulla, nikauza mjini. Watu walikuja kunichumbia, mmoja nilikubali, akaenda kufanya kazi Saudia na barua zake zikakoma. Yule mama Mturukana alirudi kwao. Nilimrudishia koti nikiwa nimelifua, na alilinusa akasema nimeliondolea mumewe. Nilisikitika sana. Sikuwa nimefikiria.

Kaka alikuja katika mwaka wa ukame mkubwa, katikati ya miaka ya themanini. Shamba lilikuwa limepunguza kondoo na watu. Alifika mlangoni na blanketi na fimbo, nikamwandalia chumba cha baba, nikachinja mbuzi, nikawaita jamaa wote. Nilidhani upweke wangu umekwisha.

Alikaa nami kupitia misimu miwili ya mvua ambayo haikunyesha. Alikuwa mwema. Alinitekea maji, alinibebea mitungi, hakuwahi kuniudhi. Lakini hakuwa pale. Joto lilimpiga akawa mtu wa kulala mchana. Kelele za mtaa zilimfanya akunje uso. Adeer alimtafutia kazi ya lori, akaenda safari moja, akarudi akaketi uani na mikono juu ya magoti. Tulikula pamoja sahani moja, na kati yetu kulikuwa na kimya kirefu kuliko kile nilichokuwa nacho nikila peke yangu, kwa sababu kile cha peke yangu sikutarajia kijibiwe. Asubuhi mapema nilimkuta amesimama nyuma ya nyumba, ameelekea kusini, akiuangalia mlima hadi mawingu yaufunike. Kisha aliingia ndani kunywa chai.

Siku moja nilimwambia mimi mwenyewe. Nilikuwa nikiosha mitungi, sikuinua kichwa. Nilisema, "Aboowe, rudi. Sitakasirika."

Hakujifanya hajaelewa. Aliuliza, "Na wewe?"

Nikasema mimi ni mtu wa hapa.

Nilipika mikate mingi ya anjera ya kula njiani, nikamnunulia sweta, na tukatembea pamoja hadi mahali malori ya kwenda Nanyuki yalipokuwa yakipakia. Aliketi juu ya magunia, mahali pake pa zamani, ameufunga uso kwa shali. Lilipoondoka aliinua mkono na kuuacha juu hadi vumbi likamfunika. Niliposikia habari zake tena alikuwa amepata shamba jingine, upande uleule, juu zaidi ya lile la kwanza.

Nilirudi kwa miguu nikipita nyuma ya soko la mifugo. Mwanamke mmoja niliyekuwa nikimuuzia maziwa alinisimamisha, akanisalimia, akauliza ninatoka wapi na jua lote lile. Nikamwambia nilikuwa nikimsindikiza mgeni.